Vilima vya Kent na Surrey katika Historia ya Waendesha Baiskeli wa London

Ubora wa kilima kwa mwendesha baiskeli wa barabarani haupimwi kwa urefu wake peke yake, kwa kuwa anayekitafuta huangalia pia kiko umbali gani kutoka nyumbani, lami yake ina hali gani, magari hupita kwa wingi kiasi gani, na mwinuko wenyewe umekaaje, yaani ni wa kupanda taratibu na mfululizo au ni wa kujificha nyuma ya kona na kumkabili mtu ghafla. London ni mji usio na mlima hata mmoja, lakini ni viungani mwake ndiko lilikoanzishwa shindano la kupanda kilima ambalo huhesabiwa kuwa la kale kuliko mashindano yote ya baiskeli yanayoendelea duniani. Ukifuatilia namna wakazi wa mji huo walivyovifahamu vilima vya jirani yao, linajitokeza jambo ambalo waandishi wa historia ya mchezo huu hawajalipa uzito unaolistahili: sehemu kubwa ya zana walizozitegemea kutafuta mwinuko zilitengenezwa kwanza kwa ajili ya watu waliouogopa.

Kusini mwa London kuna safu ya vilima vya mawe ya chaki iitwayo North Downs, inayoanzia Surrey na kupita Kent hadi pwani ya Dover. Upande wake wa kaskazini, unaoelekea mjini na Mto Thames, hushuka polepole mno hata msafiri huweza kuupanda bila kutambua kuwa anapanda, ilhali upande wa kusini umekatika kwa ghafla. Nyuma yake iko safu ya pili, ya mawe ya mchanga, nayo ina umbo hilohilo la kulala kaskazini na kusimama kusini. Vimo vyake ni vidogo: Botley Hill, kilele cha North Downs, ina mita 269, na Leith Hill, katika safu ya pili, ina mita 294. Msomaji aliyezoea barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto huenda akaviona hivi kuwa vichuguu. Hata hivyo, njia nyingi za vijijini hapo ni za kale, zilizokanyagwa na watu na mikokoteni kabla ya kuwapo wahandisi wa kuzizungusha ubavuni mwa kilima, na kwa hiyo hupanda moja kwa moja; zile za eneo la mawe ya mchanga zimechimbwa na magurudumu na maji ya mvua kwa karne nyingi hata zimekuwa kama mifereji mirefu yenye kuta za udongo na mizizi. Umbo hili la ardhi lilimpangia mwendesha baiskeli wa London ratiba yake, kwani alitoka nyumbani kwa urahisi, akateremka kwa kasi upande wa kusini, kisha akalazimika kuipanda ngazi hiyo wakati wa kurudi, miguu ikiwa imekwisha kuchoka.

Katika miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880 baiskeli iliyotawala ilikuwa ile ya gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, ambayo pedali zake zilifungwa kwenye kitovu cha gurudumu la mbele bila mnyororo wala gia. Kupanda kilima kwa chombo hicho kulikuwa kazi ngumu, na wengi walishuka wakasukuma bila kuona haya. Hofu kubwa ilikuwa katika kuteremka. Breki ilikuwa kipande cha chuma kilichokandamiza tairi la mbele, na kwa kuwa mpandaji alikaa karibu juu kabisa ya ekseli, breki iliyobanwa kwa nguvu au jiwe dogo tu barabarani liliweza kumrusha mbele juu ya usukani, akatangulia kwa kichwa. Kilima kisichojulikana, chenye kona chini yake, kiliweza kuua.

Kwa sababu hiyo chama cha watalii wa baiskeli, kilichoanzishwa Harrogate mwaka 1878 na kuchukua jina la Cyclists' Touring Club mwaka 1883, kilianza kusimamisha vibao vya chuma kwenye vilele vya miteremko, vikiwaonya waendesha baiskeli kwamba kilima kilicho mbele yao ni cha hatari. Vibao hivyo ni miongoni mwa alama za mwanzo kabisa za barabarani kuwekwa kwa ajili ya usalama wa msafiri mmoja mmoja, miaka mingi kabla ya motokaa kuenea. Orodha ya miteremko yenye vibao ilikuwa pia, bila yeyote kukusudia, orodha ya miinuko mikali kuliko yote katika wilaya, na kijana mwenye nguvu alihitaji tu kuisoma kutokea chini kwenda juu.

Hali iliyofanana na hiyo ilivipata vitabu vya njia. Mwaka 1896 kampuni ya Gall & Inglis ya Edinburgh ilichapisha kitabu cha barabara za Scotland kilichoandaliwa na Harry Inglis, na baadaye ikaendelea na England. Kwa kila safari kitabu hicho kilichora mkato wa barabara, yaani mchoro unaoonyesha njia kama inavyoonekana kutoka ubavuni, ikipanda na kushuka, pamoja na umbali na maelezo ya sehemu za kuchukuliwa tahadhari. Ni kitabu kidogo cha kutiwa mfukoni. Msafiri alikitumia kuchagua njia isiyomchosha, na mtu mwingine, kwa ukurasa uleule, aliweza kuchagua njia iliyochongoka zaidi. Kampuni nyingine ya Edinburgh, Bartholomew, ilitoa ramani zenye rangi za tabaka, nchi ya chini ikiwa ya kijani na ya juu ikiwa ya kahawia, na wanachama wa Cyclists' Touring Club walizisaidia kwa kupeleka masahihisho waliyoyakusanya barabarani.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote umo katika ramani za Ordnance Survey, idara ya serikali ya upimaji ambayo chimbuko lake ni mwaka 1791. Katika ramani hizo barabara yenye mwinamo kati ya 1 kwa 7 na 1 kwa 5, yaani inayopanda mita 1 katika kila mita 7 hadi 5 za mwendo, hutiwa alama ya mshale mmoja, na iliyo kali kuliko 1 kwa 5 hutiwa mishale miwili. Mishale hiyo huelekea chini ya kilima, kama ilivyomfaa dereva wa gari la farasi na mwendesha baiskeli aliyehofia breki zake. Vizazi vya wapandaji wa klabu za London viliijua mishale miwili kwa kuisaka, wakiitandaza ramani mezani usiku wa Jumamosi na kuizungushia penseli.

Pasipo na mshale, mtu hutumia kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Hesabu yake ni nyepesi. Katika ramani ya kipimo cha 1:50,000 yenye kontua kila mita 10, milimita 2 za karatasi ni mita 100 za ardhi, kwa hiyo barabara inayokata kontua mbili zilizoachana milimita 2 ina mwinamo wa asilimia 10. Zikiachana milimita 1, mwinamo ni asilimia 20, na hapo wapandaji wengi watasimama juu ya pedali. Ujuzi huu hauna mipaka ya nchi. Idara ya upimaji wa makoloni iliyoundwa na Uingereza mwaka 1946 ilichora Kenya, Uganda na Tanganyika kwa kipimo hichohicho cha 1:50,000, na anayetafuta mwinuko karibu na Limuru au Morogoro anaweza kuzisoma karatasi hizo kwa rula ileile, mradi aangalie kwanza kontua zake zimeachana kimo gani.

Shindano lililotajwa mwanzoni lilianzishwa mwaka 1887 na Catford Cycling Club, klabu ya kusini-mashariki mwa London iliyokuwa imeundwa mwaka mmoja tu kabla yake. Uwanja wake ulikuwa Westerham Hill, kwenye barabara kuu inayoshuka kutoka North Downs kuingia mji mdogo wa Westerham. Wakati huo baiskeli ya magurudumu yanayolingana, yenye mnyororo, ilikuwa na umri wa miaka 2 tangu John Kemp Starley wa Coventry aitoe sokoni, na tairi la upepo la Dunlop lilikuwa bado mwaka mmoja kutangazwa. Kufika kileleni bila kushuka kulikuwa uthibitisho wa mtu na wa mashine kwa pamoja.

Desturi hii iliimarishwa na katazo. Tangu miaka ya 1890 chama kikuu cha mchezo huo England kilipinga mbio za makundi katika barabara za umma, kikihofia kuwaudhi polisi na wenye farasi, na F. T. Bidlake akawa mtetezi wa mashindano ya mtu mmoja mmoja dhidi ya saa. Kupanda kilima kuliingia katika utaratibu huo bila taabu: mpandaji huachiwa peke yake, mwingine humfuata baada ya dakika moja, na barabara fupi ya kijijini hutosha. Ubingwa wa taifa wa kupanda kilima ulianza mwaka 1944, vita vikiendelea. Chris Boardman aliutwaa mara nne mfululizo, 1988 hadi 1991, kabla ya medali yake ya dhahabu ya Olimpiki ya 1992, na si ajabu, kwa kuwa kilima kifupi na mbio za uwanjani hudai pumzi ya namna moja.

Karne hii ilileta watafutaji wapya. Mtandao wa Strava, uliozinduliwa mwaka 2009, humwezesha mtu yeyote kuutenga mwinuko wa mtaani kwake na kushindania muda wake. Mwaka 2010 Simon Warren alichapisha kitabu cha miinuko 100 ya Uingereza, kidogo cha kutiwa mfukoni kama kile cha Inglis, ila sasa ukali wa kilima umekuwa sifa inayopewa alama. Mbio za barabarani za Olimpiki ya 2012 ziliwapitisha wanaume mara 9 kwenye mzunguko wa Box Hill, Surrey, kilima cha takriban kilomita 2.5 na wastani wa asilimia 5 tu, nacho kikawa mashuhuri kupita ndugu zake walio wakali zaidi.

Wakali hao bado wapo kimya. Westerham Hill imemezwa na magari, lakini shindano la Catford lilikwisha kuhamia Yorks Hill, karibu na kijiji cha Ide Hill, tangu mwaka 1935. Njia hiyo ina mita 646 na wastani wa asilimia 12.5, na penye ukali zaidi hufika asilimia 25. Mwaka 1983 Phil Mason aliimaliza kwa dakika 1 na sekunde 47.6. Mwezi Oktoba, majani yakiwa yameanguka na lami ikiwa na unyevu, watazamaji husimama pande zote mbili kwenye kuta za udongo na kuacha upenyo usiozidi upana wa usukani. Baiskeli zimepunguzwa kila kisichohitajika: wengine huvua utepe wa usukani, wengine hukata ncha zake, na wengi wamependelea gia moja isiyoachia, ambayo pedali huzunguka muda wote gurudumu linapozunguka, kwa sababu ni nyepesi na haipotezi nguvu. Juu kabisa husubiri watu wa kuwadaka wapandaji, kwani aliyejimaliza hawezi kushuka mwenyewe; hushikwa kiunoni, baiskeli ikaondolewa chini yake, akaketishwa ukingoni hadi pumzi irudi. Kisha, kwa kuwa kwa desturi klabu ya Bec hufanya shindano lake mchana wa Jumapili hiyohiyo, wengi wao huelekea magharibi hadi White Lane, Surrey, umbali usiofika kilomita 20, wakasimame tena kwenye mstari.