Breki nyekundu za staa, na zilikotoka diski unazozitamani

Wiki iliyopita staa mmoja wa hapa mjini, jina kapuni, alitupia picha ya ndinga yake ilivyovalishwa breki mpya. Kalipa nyekundu zinawaka, diski zimetobolewa matundu kama chujio la chai. Watu wakamwaga makopakopa, halafu wakahamia inbox kwangu: "na mimi nizifunge kwenye Altezza yangu?" Kabla hujaenda Kariakoo na hela mkononi, ngoja nikupe stori. Kila tundu pale lina sababu yake, na nyingine zilishakwisha kabla mimi na wewe hatujazaliwa.

Tuanzie Uingereza, mwaka 1897, mkoa wa Derbyshire, sehemu ya milima mitupu. Mikokoteni ya farasi ilikuwa inashuka na breki za kibao cha mbao kinachobana gurudumu. Inasimuliwa kuwa wakulima walikuwa wanapigilia kiatu kikuukuu kwenye hicho kibao ili kishike vizuri. Jamaa mmoja, Herbert Frood, akaliona hilo, akajifungia kwenye kibanda chake kutafuta kitu kitakachoshika kuliko mbao na kiatu. Kampuni aliyoianzisha ndiyo Ferodo, jina ambalo ni herufi za Frood zilizovurugwa na kuongezewa "e". Mpaka leo ukienda duka la spea unakutana nalo kwenye maboksi ya pedi.

Mwaka 1902 Mwingereza mwingine, Frederick Lanchester, akasajili hataza ya breki ya diski. Wazo ni lile lile la leo: sahani ya chuma inazunguka na gurudumu, pande mbili zinabanwa. Tatizo likawa pedi. Alitumia shaba. Shaba kwenye chuma ilipiga kelele za kupasua masikio, na vumbi la barabara za enzi zile likaila haraka. Diski haikuwa na kosa, ilikosa pedi ya kuendana nayo. Wazo likawekwa kabatini na magari yakaendelea na dramu kwa karibu miaka 50.

Kilichookoa mambo kwa muda ni asbesto. Haiungui ovyo, haipigi kelele, bei chee. Pedi na viatu vya breki karibu dunia nzima vikatengenezwa nayo. Shida ni kwamba vumbi lake likiingia kwenye mapafu linakaa, na baada ya miaka 20, 30 au zaidi linaweza kuleta saratani. Mafundi ndio walioumia, maana wao ndio wanaofungua gurudumu na kupuliza lile vumbi kwa kompresa. Uingereza walikuja kupiga marufuku asbesto zote mwaka 1999. Nikimwona dogo wa gereji anapuliza dramu huku ameinamisha uso, roho inaniuma. Pedi zisizo na boksi wala jina usijipe uhakika zina nini ndani. Mwambie apanguse kwa kitambaa chenye maji.

Sasa dramu yenyewe ilikuwa na kasoro gani? Joto. Breki haifanyi muujiza, inageuza mwendo kuwa moto. Na ukiongeza spidi mara mbili, kutoka 50 mpaka 100, kazi ya breki inakuwa mara nne. Dramu ni ngoma iliyofungwa, moto unabaki ndani, chuma kinatanuka na kuvikimbia viatu vyake. Unakanyaga, hakuna kitu. Diski iko nje inapigwa na upepo, na ikitanuka inaisogelea pedi.

Hiyo ndiyo siri waliyoingia nayo Jaguar kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1953. Gari zao aina ya C-Type zilifungwa diski walizozitengeneza pamoja na Dunlop. Wapinzani walikuwa na dramu, na Ferrari walikuwa na injini kubwa kuliko wao. Le Mans ya enzi hizo ilikuwa na mnyoosho wa karibu kilomita 6, unafika mwisho ukiwa kasi zaidi ya 200, halafu kona kali. Mwenye dramu anaanza kupunguza mapema na kuzionea huruma breki zake. Mwenye diski anasubiri, anasubiri, ndipo anakanyaga. Kila mzunguko, usiku kucha. Jaguar wakachukua nafasi ya 1, ya 2 na ya 4, na wastani wa mshindi ukafika kama kilomita 170 kwa saa, wa juu kuliko wote uliowahi kuonekana pale.

Ila kuna upande ambao hawa wauza breki za urembo hawausimulii. Le Mans hiyo hiyo, tarehe 11 Juni 1955. Mercedes walikuwa bado na dramu, na walijua zimezidiwa, mpaka wakaweka bawa nyuma ya dereva linaloinuka kukinga upepo ili gari ipungue. Jaguar moja ikafunga breki iingie piti. Gari iliyokuwa nyuma yake, Austin-Healey, ikakwepa kushoto. Mercedes ikaja kasi, ikaikwea, ikarukia kwenye watu. Walikufa zaidi ya 80. Breki hazikuwa sababu pekee, kwa sababu barabara pale ilikuwa nyembamba na watazamaji walikingwa na tuta la udongo tu. Lakini mimi huwa naikumbuka nikiwa Mandela Road na lori la kontena nyuma yangu. Wewe unaweza kusimama ghafla. Yeye je?

Mwaka huo huo Citroën wakaitoa DS ikiwa na diski mbele, na taratibu diski zikashuka kutoka kwa wakimbiza magari mpaka kwetu sisi wa IST.

Na yale matundu? Pedi za zamani zikipata moto mkali zilikuwa zinatoa gesi, gesi inakaa kati ya pedi na diski, breki inateleza. Matundu yaliipa njia ya kutokea, na yakapunguza uzito. Pedi za leo hazina tatizo hilo kwa kiwango kile. Kilichobaki ni kwamba ukiichemsha sana diski ya matundu, hasa ya bei rahisi, nyufa zinaanzia kwenye tundu. Wengi wa mbio siku hizi wanapenda mistari iliyochongwa kuliko matundu. Kwa gari ya mtaani, diski nzima yenye njia za hewa katikati, ya kampuni inayoeleweka, inatosha kabisa.

Kwenye pedi napo watu wanapigwa. Pedi ya mashindano ikiwa baridi haishiki, inataka moto kwanza. Asubuhi unatoka Mbezi, mtoto anakatiza mbele yako, moto utautoa wapi? Za seramiki ni kimya na hazichafui rimu. Za mchanganyiko wa chuma zinavumilia joto zaidi ila zinaila diski. Mimi mtu wa safari ndefu ningechukua za chuma.

Na kuna kitu hakionekani kwenye picha. Mwaka juzi nilishuka Kitonga na mshkaji mwenye diski mpya za matundu. Alishuka gari ikiwa D, mguu umekaa kwenye breki muda wote. Katikati ya mteremko tukasikia harufu, kisha pedali ikawa laini kama sponji. Akarudisha gia ya chini, tukajivuta pembeni tukakaa tunaangalia malori. Mafuta yake ya breki yalikuwa ya zamani. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani: DOT 4 mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika, hausukumi pedi.

Nikamtafuta fundi aliyemfungia yule staa wetu. Kasema wamebadilisha mbele tu. Nyuma ni pedi zile zile zilizokuja na gari, na mafuta ya breki hayajaguswa tangu ishuke bandarini.