Kibaba cha Mfuto, Kibaba cha Tele

Kiwangwa ya Bagamoyo yasifika kwa mananasi, tunda lihesabikalo moja moja. Nafaka haihesabiki, hupimwa. Waswahili wa kale waliipima kwa ujazo: vibaba viwili kisaga, visaga viwili pishi. Wakatenga kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa mdomoni, na kibaba cha tele, chenye kichuguu juu. Kichuguu hicho ni umbo la pia. Na Eudoxus wa Ugiriki ya kale alithibitisha kuwa pia ni thuluthi ya mcheduara wenye kitako na kimo sawa nayo. Basi kichuguu kikilingana kimo na kibaba, mnunuzi huongezewa thuluthi. Hesabu ya lumbesa, iliyokatazwa na sheria, ndiyo hiyo: kilele cha gunia ni jasho la mkulima lisilolipwa.