Gitaa Ndani ya Piano, Litungu Ndani ya Gitaa

Kuna kipande cha muziki ambacho wanafunzi wengi wa gitaa duniani hukutana nacho, mapema au baadaye. Kinaitwa Asturias. Nota moja inadonolewa na kurudiwa bila kupumzika, huku sauti nzito ikinyata chini yake. Wengi wataapa kwamba kilitungwa kwa gitaa. Ukweli ni kwamba Isaac Albéniz, Mhispania aliyezaliwa Camprodon mwaka 1860, alikitunga kwa piano mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mikono miwili ya mpiga piano inapokezana kibao hadi kibao ili kuiga kidole gumba cha mpiga gitaa wa Andalusia. Hata hilo jina la Asturias, mkoa wa kaskazini, ni la mchapishaji, aliyelibandika baada ya mtunzi kufariki mwaka 1909. Mdundo wenyewe ni wa kusini, wa flamenko.

Mtu wa Cheptais hahitaji kufika Hispania ili aelewe kilichotendeka hapo. Mitelemko hii ya Mlima Elgon, si mbali na mpaka wa Uganda, ni nchi ya ala za nyuzi. Wasabaot wana bukandit. Majirani zao Wabukusu, ambao ni Waluhya, wana litungu: bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili iliyochomoza, upau juu yake, na nyuzi saba hivi zinazoshuka hadi kwenye ngozi. Anayelipiga huketi, vidole vya mikono yote miwili vikiwa kazini, na njuga mguuni zikimshikia mapigo. Wachezaji wa ngoma ya kamabeka wanaposimama na kuanza kutikisa mabega, ala hiyo moja inakuwa imeshatoa sauti ya juu, sauti ya chini na ngoma yake.

Vidole vilivyozoea kazi ya namna hiyo viliposhika gitaa, havikuanza upya.

Gitaa lilienea magharibi mwa Kenya hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, askari wa King's African Rifles walipoanza kurejea nyumbani. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, akipiga Masanga, na mtindo wake wa kudonoa kwa kidole gumba na cha shahada ukasikika hadi huku kwetu. Lakini Waluhya hawakuiga tu. George Mukabi, kijana wa Kisa, aliueneza mtindo ulioitwa omutibo: gumba linashika besi, kidole cha shahada kinaimba, na mapigo ya ngoma ya isukuti yanasikika ndani ya nyuzi zenyewe. Mwenzake alishika chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye matuta, na kuikwaruza kwa chuma. Mukabi alifariki mwaka 1963 akiwa bado kijana. Wimbo wake Sengula Nakupenda haujazeeka hadi leo.

Baada yake walikuja Abana ba Nasery wa Bunyore: Shem Tube na Justo Osala kwenye magitaa, Enos Okola kwenye chupa. Rekodi zao zilitolewa tena Uingereza mwaka 1989, na wakaalikwa huko kupiga. Daudi Kabaka naye aliuchukua mdundo wa nyumbani akaufanya twisti. Helule Helule yake ikarudiwa na The Tremeloes wa Uingereza mwaka 1968. Hayo yote yametoka kwenye ngoma za harusi na matanga.

Kule Hispania kazi hiyo ya kujenga juu ya muziki wa nyumbani ilikuwa na mzee wake. Felip Pedrell alizunguka akikusanya nyimbo za watu wa kawaida, na mwaka 1891 akachapisha hoja yake: mtunzi ajenge juu ya muziki wa nyumbani. Aliwafundisha Albéniz, Enrique Granados na Manuel de Falla. Kati ya mwaka 1905 na 1909 Albéniz aliandika Iberia, vipande 12 vya piano katika vitabu vinne, vigumu mno hivi kwamba wapiga piano wakubwa huvikaribia kwa tahadhari. Ndani yake mna hatua za wacheza dansi wa Sevilla, vigelegele vya sikukuu, na gitaa ambalo halipo jukwaani. Mwaka 1919 de Falla, mzaliwa wa Cádiz, alimwandikia mpiga piano Arthur Rubinstein Fantasía Bética, ambamo piano inagongwa kwa ukali hadi unazisikia kucha kwenye nyuzi.

De Falla hakuishia kwenye karatasi. Aliona waimbaji wa kale wa flamenko wakizeeka bila warithi. Mwezi Juni 1922, yeye na mshairi kijana Federico García Lorca walisaidia kuandaa mashindano ya uimbaji huo mjini Granada, ndani ya ngome ya Alhambra. Wasomi wengi wa wakati huo waliuona ni muziki wa vilabuni. Leo Hispania inajitambulisha kwa muziki huo huo uliodharauliwa.

Hofu hiyo hiyo imetufikia. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zinazopigwa tangu mtoto anazaliwa hadi mzee anazikwa, zimeandikwa kwenye daftari moja na mambo yanayokaribia kupotea.

Na si kwamba Kenya haikuwahi kufanya kama Pedrell. Wimbo wa Taifa ulitengenezwa mwaka 1963 kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto. Kazi hiyo ilifanywa na tume ya watu watano, wakiwamo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Peter Kibukosya. Huyo Senoga-Zake baadaye aliandika kitabu kizima juu ya muziki wa jadi wa Kenya. Kwa upande wa piano, Akin Euba wa Nigeria na Kwabena Nketia wa Ghana walitetea upigaji wenye mdundo wa Kiafrika, na mwaka 1994 Nketia akachapisha vipande 12 vya kufundishia. Magharibi mwa Kenya kulichaguliwa gitaa, na kwa maoni ya mwandishi huyu, Mukabi anastahili kutajwa katika sentensi moja na Albéniz bila kuombewa radhi. Wote wawili walihamisha ala nzima ya nyumbani na kuitia ndani ya ala ya kigeni, mdundo wake ukiwa mzima.

Kilichobaki ni kazi ya vijana wanaosoma muziki Bungoma, Kitale na Kakamega. Yupo mzee kijijini kwenu anayejua kuzikaza nyuzi za litungu au bukandit kwa sikio tu. Nenda umketie karibu, utazame gumba lake linakwenda wapi, umrekodi kwa simu yako, kisha uandike nota. Nenda mwezi huu, angali na nguvu za kupiga.