Habari Iliyoandikiwa Sikio

Anayeuliza uandishi wa habari wa Kiswahili ulianzia wapi huelekezwa Kiungani, Unguja, mwaka 1888, ambako wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walianza kuchapa gazeti la Msimulizi. Jibu hilo si la uongo, ila ni nusu. Miaka hiyohiyo Wajerumani walikuwa wakiitwaa pwani ya Mrima kwa bunduki, na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy akaitungia vita ile utenzi unaobeba katika jina lake mwaka wa Hijria 1307. Pwani ni moja na kizazi ni kimoja, lakini vyombo viwili vya kupashana habari vilikuwa kazini kwa wakati mmoja: karatasi iliyopigwa chapa na beti zilizosomwa kwa mahadhi mbele ya kikao. Wanahistoria wa magazeti hukitazama chombo cha kwanza na kuwaachia watu wa fasihi cha pili. Kwa mgawanyo huo wanapoteza jambo kubwa, kwamba mwandishi wa habari wa Kiswahili alijua kuliandikia sikio kabla hajajua kuliandikia jicho, na kwamba kila chombo kipya kilipokuja alikipokea kwa ujuzi huo wa kwanza.

Utenzi una adabu zake. Mtunzi huanza kwa kumtaja Mola, kisha huagiza karatasi na wino, ndipo aingie katika kisa. Na akishaingia hufuata mambo kama yalivyotukia, hatua kwa hatua, kwa sababu msikilizaji hana ukurasa wa kurudi nyuma. Waraka wa Kiswahili nao ulikuwa na adabu ya jirani na hiyo: salamu kwanza, kujuliana hali, halafu “ama baada ya salamu”, ndipo jambo lenyewe. Magazeti ya mwanzo yalijengwa juu ya waraka huo. Msimulizi (jina lenyewe ni la mtu anayesema, wala si la kitu kinachosomwa) lilijazwa na habari zilizoletwa kutoka vituo vya misheni na walimu pamoja na vijana waliopita shule ya Kiungani. Kiongozi, lililochapwa Tanga katika shule ya serikali ya Wajerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipolizima, nalo liliishi kwa barua za walimu na makarani kutoka miji ya mbali. Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu Dar es Salaam Januari 1923, liliendeleza mtindo huohuo na kuongeza mashairi. Humo ndimo wasomaji wengi walimjua Shaaban Robert. Hakukuwa na chuo. Mtu alituma habari ya mvua, ya simba au ya msiba, kisha akasubiri toleo lijalo aone kilichobaki na kilichokatwa. Hilo lilikuwa darasa lake, na mkasi wa mhariri ulikuwa mwalimu.

Msomaji mwangalifu atapinga: magazeti hayo yalikuwa ya kanisa na ya serikali, wahariri wakuu walikuwa Wazungu, sasa Mwafrika alijifunza nini zaidi ya kusema alichoruhusiwa? Pingamizi lina uzito, na halifutwi kwa kuwasifu waandishi wale. Mambo Leo halikuwa mahali pa kuuliza kodi inakwenda wapi. Lakini kubanwa katika la kusema si sawa na kunyimwa namna ya kulisema. Ushahidi ni Kwetu, gazeti alilolianzisha Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda, jijini Dar es Salaam mwaka 1937. Fiah hakuwa na shule ya uandishi wala mtaji wa kutosha. Alichokuwa nacho ni wasomaji waliokwisha kuzoea kuandika kwa kuandikiana. Alipofungua ukurasa wa malalamiko ya Waafrika, kalamu zilikuwa tayari. Miaka 20 baadaye magazeti ya Mwafrika na Sauti ya TANU yalikuta hali hiyohiyo, siasa ikiwa imekwisha kuzifupisha salamu.

Redio ilipokuja mwaka 1951, ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, ungetarajia waandishi hao wawe wageni. Kwa upande wa mitambo walikuwa wageni kweli. Kwa upande wa lugha, redio ilikuwa kama kurudi barazani. Mfano bora wa kuandikia vyombo tofauti ambao Afrika Mashariki imewahi kuutoa haukutoka katika chumba cha habari. Ulitoka katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Ujumbe ulikuwa mmoja: choo, maji safi, malaria, kichocho. Ukaandikwa mara mbili. Kijitabu kilimpa kiongozi wa kikundi hoja na hatua za kufuata, kitu cha kushika na kurudia. Kipindi cha Radio Tanzania kilitoa sauti za watu, maigizo na nyimbo, kisha kikakiachia kikundi kijadiliane. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, na vyoo vikachimbwa kwa wingi. Aliyeandika kijitabu angekisoma hewani neno kwa neno, vikundi vingesinzia. Na maigizo yale yakichapwa kitabuni hayamsaidii mtu anayetafuta kina cha shimo. Walioiandaa kampeni walilijua hilo.

Chuo cha Uandishi wa Habari cha Tanzania kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1975, na mwaka uliofuata sheria ikaunda Shihata, shirika la habari la taifa. Hapo ndipo piramidi iliyopinduliwa ilipopata kiti rasmi: lililo zito juu, lililo jepesi chini, nani na nini katika aya ya kwanza. Kanuni hii ilikomaa katika magazeti ya Marekani, zama ambazo simu ya maandishi ililipiwa kwa neno na mpanga herufi za risasi alihitaji kukata mkia bila kuua mwili. Ni kanuni yenye akili. Tatizo ni kwamba ilifundishwa kana kwamba ndiyo habari yenyewe, ilhali ni dawa ya shida ya chombo kimoja. Tena ilipofika kwetu ilikutana na itifaki. Kilichopanda juu ya piramidi mara nyingi hakikuwa tukio. Alikuwa kiongozi pamoja na vyeo vyake, na kitenzi kikasukumwa mbali hadi msikilizaji wa taarifa ya habari akasahau ni nani anayetendewa. Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. Kumweka mheshimiwa na nyadhifa zake tatu kabla ya neno hilo ni kulipakia sikio mzigo kabla halijaambiwa linakwenda wapi. Kwa macho kasoro hiyo ni ndogo. Kwa masikio ni kubwa.

Wapo watakaosema huku ni kutetea urefu wa maneno kwa jina la mila. Ukweli ni kwamba waraka wenye salamu aya mbili haufai kuripoti ajali ya meli, na mwenye jamaa yake ndani ya meli hana subira ya utenzi. Habari motomoto iachiwe piramidi yake. Lakini tangu mlango wa redio na televisheni binafsi ulipofunguka mwaka 1993, na Radio One na ITV kufuata mwaka 1994, kazi ya mwandishi mmoja imekuwa kulipeleka tukio moja gazetini, redioni na kwenye skrini, na kuliandikia makala baadaye. Makala hasa ndiyo inayoidai njia ya Hemedi: kumpeleka msomaji hatua kwa hatua na kumwacha ahesabu siku za vita. Wanaojaribu kuiandika kwa piramidi hutoa habari ndefu tu, iliyokwisha katika aya ya kwanza na kuburuzwa hadi ya 20.

Chuo kile cha 1975 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003, na huko lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Kijana atakayesoma taarifa ya saa mbili usiku kwa Kiswahili hufanya mtihani wa kuiandika kwa lugha nyingine, na anaporudi kwenye maikrofoni hulazimika kujifunza upya, peke yake, mahali pa kuweka kitenzi.