K ya tatu na mizani ya pamba

Juma lililopita niliingia katika duka la mtaani kwetu kununua soda tatu. Soda moja ilikuwa shilingi 700. Kijana muuzaji, ambaye ni hodari na mwenye heshima, akatoa simu mfukoni ili atafute 700 mara tatu. Simu ilikuwa imezima. Akaitazama, akazitazama chupa, kisha akachukua noti yangu ya elfu tano na kunirudishia chenji. Habari ya chenji hiyo nitaieleza baadaye kidogo, maana ilinipeleka mbali, mpaka Bariadi.

Wengi wetu tuishio mijini tukisikia Bariadi tunafikiria pamba na ng'ombe. Hatukosei. Leo mji huo ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, na mkoa huo ndio unaotajwa kwanza pamba inapozungumzwa. Wakati wa Mwingereza, sehemu hizo zilikuwa ndani ya Wilaya ya Maswa. Kule hesabu haikuwa somo la darasani tu. Hesabu ilikuwa chakula cha mwaka mzima, nayo iliamuliwa kwa dakika chache mbele ya mizani.

Hebu tuone jinsi mambo yalivyokuwa. Siku hizo tulipima kwa ratili, na shilingi ilikuwa na senti mia. Tuseme mkulima ameleta mzigo wa ratili 87, na bei ni senti 48 kwa ratili. Mwenye kutumia kichwa hahitaji karatasi. Anachukua senti 50 badala ya 48: nusu ya 87 ni shilingi 43 na senti 50. Kisha anarudisha zile senti mbili mbili alizozidisha, yaani senti 174. Inabaki shilingi 41 na senti 76. Sasa mizani ikisomwa 84 badala ya 87, mkulima amepoteza shilingi moja na senti 44 katika mzigo mmoja, na mizigo yake ni mingi.

Aliyemiliki mizani alikuwa mnunuzi. Aliyeisoma alikuwa mtu wa mnunuzi. Aliyepiga hesabu ni huyo huyo, na aliyetoa fedha ni huyo huyo. Mkulima kazi yake ilikuwa kusimama na kupokea.

Msidhani kwamba Wasukuma walikuwa hawajui kuhesabu. Imo, ibili, idatu, hesabu ya Kisukuma ilikuwepo kabla ya shule yoyote. Na mchezo wao wa isolo, ndugu wa bao la pwani, una safu nne za mashimo manane manane. Mchezaji lazima aone kichwani kete yake ya mwisho itaangukia wapi kabla hajaichukua ya kwanza. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba akili ya hesabu ililetwa na meli. Alichokosa ni kuzijua zile tarakimu zilizochongwa kwenye chuma cha mizani, na zaidi ya hapo, alikosa ruhusa ya kusogea karibu akazisoma.

Ndiyo maana naona jambo kubwa katika historia ya Usukuma ni lile lililotokea miaka ya mwanzo ya 1950. Wakulima walichoka kulalamika, wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, watu waliojua kusoma mizani, wakasimama kando ya mnunuzi na kutaja uzito kwa sauti. Hapo ndipo vyama vya ushirika vya pamba vilipopatia nguvu. Paul Bomani, kijana aliyekuwa akiongoza chama cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, aliwaunganisha wakulima, na mwaka 1955 ukasajiliwa muungano wao mkubwa uliojulikana kwa herufi VFCU. Kufika mwisho wa miaka hiyo ya hamsini, pamba ya Kanda ya Ziwa ilikuwa inanunuliwa na ushirika. Bomani mwenyewe mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Mizani sasa ilikuwa ya mkulima, karani alikuwa mtoto wa kijijini, na mkulima akajipumzisha. Aliona hakuna haja tena ya kuhesabu, kwa kuwa anayehesabu ni mwenzake. Malalamiko yakarudi, safari hii juu ya makatibu na makarani wa vyama. Mwaka 1966 Serikali ikaunda kamati ya Rais kuchunguza ushirika nchi nzima. Mwaka 1976 vyama vikuu vikafutwa, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Wapo wanaolaumu siasa, wapo wanaolaumu wizi. Mimi sibishani nao, lakini nauliza: pale mizani iliposoma pungufu, wangapi kwenye foleni walikuwa na jibu lao kichwani?

Swali hilo halikupuuzwa. Kuanzia mwaka 1968, mikoa ya Kanda ya Ziwa ilifanyiwa majaribio ya kisomo chenye manufaa kwa msaada wa UNESCO, na mkulima wa pamba akafundishwa kwa kitabu kinachozungumzia pamba. Watu wazima wakakaa kwenye madawati ya watoto, na chini ya miembe, wakijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. K tatu. Mwaka 1967 wasiojua kusoma na kuandika nchini walikuwa asilimia 67. Baada ya mtihani wa Agosti 1975 walihesabiwa asilimia 39. Katika kusherehekea tulizitaja sana zile K mbili za kwanza. Ile ya tatu, iliyokuwa na fedha ndani yake, tuliiacha ijifuate yenyewe.

Na sasa tuna simu. Sina ugomvi nayo. Hata mzee wa Bariadi anafaidika akiipata bei ya pamba papo hapo. Lakini simu hupiga hesabu ya namba uliyoiingiza. Ukiingiza 84 badala ya 87, itakupa jibu sahihi kabisa la mzigo ambao siyo wako.

Nirudi dukani. Soda tatu ni shilingi 2,100, kwa hiyo kwenye elfu tano nilidai 2,900. Yule kijana alinipa 3,900. Nikamrudishia elfu moja. Aliipokea, akashukuru, akaiweka kwenye droo bila kuuliza imetoka wapi.