Lulu na Wazamia Lulu: Historia ya Neno

Mwalimu wa kata ya Kasoli, wilayani Bariadi, akiulizwa na wanafunzi wake lulu ni kitu gani, hana pwani ya kuwapeleka. Simbi anaweza kuwaonyesha, kwani gamba hilo la baharini lilifika Usukumani tangu zamani kwa misafara, likawa pambo la wachezaji ngoma na waganga. Lulu aghalabu huijua kwa jina tu: jina la binti, au mfano wa mfanyabiashara katika Injili ya Mathayo, au kito kinachotajwa pamoja na marijani katika Sura ya Ar-Rahman. Akisema kwamba ni kito kitokacho katika chaza, atakuwa amejibu sawasawa. Lakini jibu hilo halimtaji mtu aliyekitoa baharini. Makala haya yanakusudia kumrejesha mtu huyo katika maana ya neno.

Neno lenyewe tulilipokea kutoka Kiarabu. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, sehemu kubwa ya lulu za asili zilizouzwa duniani ilitoka Ghuba, na mji wa Muharraq, nchini Bahrain, ulikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya kazi hiyo. Katika bandari za Ghuba walikutana Waarabu, Waajemi, Wabaluchi, Wahindi na Waafrika. Chombo kiliongozwa na nahodha, neno ambalo sisi nasi tunalo. Mzamiaji, aliyeitwa ghais, alibana pua kwa kibanio, akashuka kwa uzito wa jiwe lililofungwa kamba, akakusanya chaza kikapuni. Mwenziwe, aliyeitwa saib, alishika kamba juu na kumvuta. Kazi ilifanywa majira ya joto, na mzamiaji mara nyingi alifungwa na deni lisilokwisha.

Waafrika wengi waliokuwamo, au wazee wao, walitekwa Afrika Mashariki na kuuzwa Ghuba. Mkataba wa 1873 ulifunga soko la watumwa la Unguja, lakini magendo yaliendelea, na wakati huo huo biashara ya lulu ilikuwa ikistawi. Mtumwa alizama, ujira ukapokewa na bwana wake. Basi neno lulu lilitufikia likiwa jina la pambo, ilhali watu wetu waliifikia lulu yenyewe kwa pingu. Hata hivyo lugha yao haikuzama yote. Katika ngoma ya leiwa, inayochezwa Ghuba hata leo kwa zumari na ngoma, yamo maneno ya Kiswahili, ingawa si kila mwimbaji anayajua maana yake.

Mwaka 1893 Kokichi Mikimoto wa Japani alifaulu kumfanya chaza atoe nusu-lulu kwa kupandikizwa. Lulu za kufugwa zilipoenea sokoni katika miaka ya 1920, kisha uchumi wa dunia ukaporomoka mwaka 1929, uzamiaji wa Ghuba ulianguka. Mwaka 2012 UNESCO iliingiza katika Urithi wa Dunia majengo 17 ya Muharraq, pamoja na mafungu matatu ya chaza baharini.

Kwetu pia jambo hili si la kale tu. Huko Fumba, Unguja, wanawake wameshiriki katika majaribio ya kufuga chaza ili wapate nusu-lulu. Kwa hiyo istilahi zinahitajika. Tunapendekeza *lulu asilia* na *lulu ya kufugwa* kwa aina mbili za kito. Kwa mtu, tunapendekeza *mzamia lulu*. *Mvuvi wa lulu* halifai, kwa kuwa lulu haingoji wavu wala ndoana. Mtu huifuata chini mwenyewe. *Mzamiaji* peke yake nalo halitoshi, maana siku hizi humtaja pia msafiri wa kujificha melini. Saib na aitwe *mshika kamba*, kwani uhai wa mwenziwe ulikuwa mikononi mwake.

Kamusi ikiyapokea maneno haya, mwalimu wa Kasoli ataweza kueleza kwamba lulu ni kito kitokacho katika chaza, na kwamba zamani kilitolewa na wazamia lulu, wakiwamo watu wa Afrika Mashariki waliouzwa ng'ambo. Mwanafunzi atakuwa amejifunza kito, na atakuwa amejifunza jamaa zake.