"Mbona Umepungua, Unaumwa?" Unene Ulivyogeuka Cheti cha Afya, Kuanzia Kinyangiri Hadi Insta

Staa wa kike akipungua kilo kumi tu, komenti zinaanza kumiminika. "Mbona kaisha hivyo?" "Huyu anaumwa, wanatuficha." Miezi sita baadaye akirudi na mwili wake wa zamani, watu walewale wanamwaga makopa: "Sasa ndo umependeza, mama." Hakuna aliyefundishwa darasani kuusoma mwili wa mwanamke namna hiyo. Yametoka nyumbani, na nyumba nyingi za mjini ukizifuatilia nyuma zinaishia sehemu kama Kinyangiri.

Kinyangiri iko Mkalama, Singida. Zamani ilihesabika Iramba, kabla wilaya mpya haijamegwa mwaka 2012. Ni nchi ya Wanyiramba, nchi kavu yenye msimu mmoja wa mvua, nchi ya uwele, mtama, mlenda na alizeti. Mwanamke wa zamani huko alichota maji mbali, akabeba kuni kichwani, akapiga magoti kwenye jiwe la kusagia nafaka kabla hata jua halijachomoza, halafu akaenda shamba. Kwa maisha hayo, unene haukuwa kitu cha kuamka na kukikuta mwilini.

Halafu kulikuwa na njaa. Jirani zao Wagogo wa Dodoma wana njaa waliyoipa jina kabisa, Mtunya, ya 1917 hadi 1920. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, ukame ulipiga na serikali ikalazimika kuagiza nafaka nje kwa wingi. Mwanamke aliyepita mwaka kama huo mashavu yake yakiwa yamejaa, maana yake kwake kuna akiba, mume anajiweza, watoto wanakula. Wakisema "amenawiri", ilikuwa sifa ya haki kabisa. Tena ilikuwa taarifa.

Ikaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza Tanzania waligundulika Kagera mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, ugonjwa uliitwa "slim", yaani wembamba, kwa jinsi ulivyomla mtu. Mpaka dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, ilikuwa imepita miaka kama ishirini ya watu kuangaliana viuno na mashavu. Mwembamba alitazamwa mara mbili. Aliyepungua kwa stress tu za maisha alizikwa midomoni mwa watu akiwa hai. Unene ukawa cheti cha hospitali unachotembea nacho barabarani. Ndiyo maana ile komenti ya "anaumwa huyu" haishangazi. Anayeiandika ana miaka 22, lakini sauti ni ya bibi yake.

Shida ni kwamba maisha yamebadilika na cheti kimebaki kilekile. Jiwe la kusagia limekuwa mashine, safari ya miguu imekuwa bodaboda, mlenda umekuwa chipsi mayai na soda baridi. Takwimu za kitaifa za afya ya uzazi zinaonyesha wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene kupindukia walikuwa asilimia 18 mwaka 2004-05, wakafika 22 mwaka 2010, na 28 mwaka 2015-16. Na wako mjini zaidi kuliko kijijini.

Sasa ndipo inaingia kansa ambayo wengi hawaijui hata kwa jina. Ukisema "kansa ya kizazi", karibu kila mtu anafikiria ile ya mlango wa kizazi, inayoletwa na kirusi cha HPV, ambayo mabinti wamekuwa wakichanjwa dhidi yake nchini tangu 2018. Hiyo ipo na inaua wanawake wengi. Lakini kuna nyingine inayoanzia juu zaidi, kwenye utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, ule unaojijenga na kubomoka kila mwezi wakati wa hedhi. Chanjo ya HPV haiihusu. Kile kipimo cha kupakwa siki kwenye mlango wa kizazi nacho hakikutengenezwa kuitafuta. Mwanamke anaweza kuambiwa "uko safi" kwenye kipimo hicho, na hii ya juu ikawa haijaguswa kabisa.

Ilivyojulikana nayo ni stori. Marekani, miaka ya 1960 na 1970, wanawake waliokoma hedhi walipewa sana vidonge vya estrojeni ili wabaki "vijana". Desemba 1975 tafiti mbili zikatoka pamoja kwenye jarida moja kubwa la kitabibu: waliomeza estrojeni peke yake walikuwa wakipata kansa ya utando huo mara kadhaa zaidi ya wasiomeza. Miaka hiyohiyo wanasayansi walikuwa wameanza kuonyesha kwamba mafuta ya mwilini yenyewe yanatengeneza estrojeni. Ovari zikishastaafu, mafuta yanaendelea na kazi. Mwenye mafuta mengi anakuwa kama anameza kile kidonge kila siku bila kukinunua. Estrojeni inauambia utando ukue. Anayesema "basi, inatosha" ni homoni nyingine, projesteroni, na hiyo inakuwa haipo. Utando unakua, unakua, na siku moja chembe zinakosa adabu.

Mwaka 2002 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliyoko Lyon, Ufaransa, ikaiweka kansa hii kwenye orodha ya zinazohusiana na unene. Kati ya kansa zote, hii ndiyo moja ya zinazofungamana na uzito kwa nguvu zaidi. Wanawake wenye uzito uliozidi au unene hatari yao ni mara mbili hadi nne ya wenye uzito wa kawaida. Wenye unene mkubwa kabisa, karibu mara saba. Kwa kupimia: mwanamke wa urefu wa mita 1.60 anaingia kwenye uzito uliozidi akifika kilo 64, na kwenye unene akifika kama 77. Wengi wanaoitwa "saizi ya kati" mtaani hapo wameshapita.

Bibi wa Kinyangiri alilindwa na kazi, ndiyo, ila pia na uzazi: watoto saba, kila mmoja akinyonya muda mrefu. Kila mimba inapunguza hatari hii kidogo. Vidonge vya majira navyo vinaipunguza, hata kama mtaani vinasingiziwa kila ugonjwa. Na kwa vijana, yule ambaye homoni zimevurugika, hedhi inapotea miezi mitatu minne halafu anafurahia eti "nimepumzika pedi", huyo utando wake haupumziki. Aende akaonwe. Wembamba nao huipata, ila si kwa kiwango hicho.

Kitu kimoja kizuri ni kwamba kansa hii haina siri sana. Karibu wagonjwa tisa kati ya kumi hutokwa damu isiyo ya kawaida, na wengi wao ni waliokwisha kukoma hedhi. Mama wa miaka 60 akiona damu anasema "imerudi", anacheka, anafunga kitenge, na hamwambii mtu kwa sababu ya aibu. Mara nyingi inakuwa kitu kingine kisicho kansa. Karibu mmoja kati ya kumi inakuwa yenyewe, na mwanzoni huwa haiumi hata kidogo. Ikikamatwa bado imo ndani ya mfuko wa uzazi, mara nyingi upasuaji wa kuutoa mfuko huo unatosha. Ikichelewa, inakuwa safari za Bugando, KCMC au Ocean Road, na kwa mtu wa Mkalama hakuna kati ya hizo iliyo karibu.